Ukubwa wa Faili na Ubora wa Picha: Namna ya Kupanga Enkoda ya Video

Fremu moja ya video ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. Rangi zikihifadhiwa kwa utaratibu wa kawaida wa televisheni na simu, ambapo kila pikseli hugharimu wastani wa baiti moja na nusu, fremu hiyo hula megabaiti 3.1. Fremu 25 kwa sekunde hufikisha karibu megabaiti 78, na saa moja hukaribia gigabaiti 280 kabla sauti haijawekwa. Video hiyohiyo ikirushwa mtandaoni kwa megabiti 4 kwa sekunde, saa nzima huwa gigabaiti 1.8 tu. Enkoda imepokea baiti 150 na ushee, ikatoa moja.

Mbano wa kiwango hicho hauwezekani bila kutupa kitu. Kupanga enkoda ni kuamua kitupwe nini, kitupwe wapi, na kompyuta ipewe muda gani wa kuchagua. Mfano utakaofuatwa hapa kwa sehemu kubwa ni x264, enkoda huria ya kodeki ya H.264. Kiwango cha H.264 kilipitishwa mwaka 2003 na ITU pamoja na ISO. x264 imo ndani ya FFmpeg, HandBrake na programu nyingi za kuhariri, na faili zake huchezeka karibu kila mahali: simu ya bei ya chini, televisheni inayosoma flashi, kompyuta kuukuu ya ofisini. Anayeielewa vizuri hapati tabu na enkoda zilizokuja baadaye, kwa kuwa nyingi zimerithi majina na tabia zake.

Kazi huanza kwa kuikata kila fremu vipande vya mraba vya pikseli 16 kwa 16. Kwa kila kipande, enkoda hutafuta kinachofanana nacho, ama kwenye fremu nyingine ama jirani yake ndani ya fremu hiyohiyo. Kikipatikana, huandikwa maelekezo mafupi tu: chukua kile cha pale, kisogeze hivi. Maelekezo hayo ya kusogeza huitwa vekta ya mwendo. Tofauti inayobaki kati ya kipande halisi na kile kilichoazimwa hupitishwa kwenye hesabu inayotenga mabadiliko ya taratibu ya rangi na yale ya vitu vidogovidogo kama nywele au nyuzi za kitambaa. Kisha namba zinazopatikana hugawanywa kwa kigawanyo, na masalia ya mgawanyo hutupwa. Ubora hupotea hapo, na karibu hapo peke yake. Hatua nyingine za mnyororo huo zinaweza kurudishwa nyuma bila hasara.

Katika H.264 kigawanyo hutajwa kwa namba iitwayo QP, kuanzia 0 hadi 51, na kila QP inapopanda kwa 6 kigawanyo huwa maradufu. Kikiwa kidogo, namba nyingi husalimika. Kikiwa kikubwa, nyingi hugeuka sifuri, kipande kizima hubaki na rangi moja au mbili, na mtazamaji huona picha imekuwa vigaevigae. Vipimo vingine vyote vya enkoda, kwa wingi wake unaotisha kwenye skrini, hufanya mojawapo ya kazi mbili: kuamua QP ya kila kipande, au kutafuta mfanano ulio bora zaidi ili tofauti ya kuandika iwe ndogo.

Uamuzi wa kwanza ni nani ashike usukani wa QP. Kuifunga kwenye namba moja kwa video nzima kunafaa majaribio ya maabara tu, kwani huipa fremu inayopita kasi kigawanyo sawa na fremu iliyotulia. Kuifunga kasi ya biti isipande wala isishuke kulifaa njia za utangazaji zenye upana usiobadilika, lakini kwa faili la kuhifadhi ni hasara pande zote: mtangazaji aliyekaa kimya hupewa biti asizozihitaji, na goli linapofungwa biti hazitoshi. Zinabaki njia mbili za maana, yaani CRF na kubana kwa mizunguko miwili.

CRF ni ahadi ya ubora. Mtumiaji hutaja namba, na enkoda hutumia biti nyingi au chache kadiri ya ugumu wa tukio ili ubora unaoonekana ubaki takriban palepale. QP hupandishwa kwenye mwendo wa kasi, ambako jicho haliwahi kushika vitu vidogo, na hushushwa penye utulivu. Zaidi ya hapo, enkoda huchungulia mbele, fremu 40 katika mipangilio ya kawaida, ili ijue vipande vipi vitaazimwa na fremu zijazo. Ukuta ulio nyuma ya msemaji utaazimwa kwa sekunde nyingi, hivyo huandikwa vizuri mara moja na faida yake husambaa. Njiwa aliyekatiza mbele ya kamera haazimwi na fremu yoyote, na biti zake hupunguzwa bila huruma.

Namba ya kuanzia katika x264 ni 23. Kwenye 18 watu wengi hawawezi kutofautisha nakala na asili wakiitazama kwa umbali wa kawaida. Ikipita 28 hitilafu huanza kuonekana bila kutafutwa. Kwa makadirio, kushuka kwa namba 6 huongeza ukubwa wa faili maradufu, na kupanda kwa 6 huupunguza kwa nusu. Hivyo anayechagua 17 badala ya 23 “kwa usalama” amelipia faili mara mbili, na mara nyingi tofauti aliyoilipia haionwi na mtu.

Jambo linalowasumbua wengi kuhusu CRF ni kwamba ukubwa wa faili haujulikani mpaka kazi iishe. Mahojiano ya mtu mmoja aliyeketi ofisini na mashindano ya ngalawa baharini, yote ya dakika 10, yote kwa CRF 22, yanaweza kutoa mafaili yaliyopishana mara kadhaa. Hakuna kilichoharibika. Maji yanayometameta ni adui mkubwa kuliko wote wa enkoda: hakuna kipande cha povu kinachofanana na kilichokuwa hapo awali, vekta za mwendo hazisaidii kitu, na kila fremu inadai kuandikwa karibu upya. Mvua, moshi, majani ya mnazi kwenye upepo, vikaratasi vinavyorushwa harusini na jukwaa la mashabiki waliosimama wote wamo katika kundi hilo. Kasi ya biti ni matokeo ya kile kilichopigwa picha, na kuulizia “kasi nzuri ya biti kwa 1080p” bila kusema kilichomo ndani ya picha ni swali lisilo na jibu.

Mizunguko miwili hutumika pale ukubwa wa faili unapokuwa sharti: diski, flashi ya mteja, au mfumo wa kupakia wenye kikomo. Katika mzunguko wa kwanza enkoda hupima ugumu wa kila tukio. Katika wa pili hugawa biti zilizopo kwa haki. Kinyume na imani iliyoenea, njia hii haizidi CRF kwa ubora. Faili la CRF na la mizunguko miwili yakitoka na ukubwa ule ule, picha zake hukaribiana sana. Kinachotofautiana ni kipi kilifungwa na kipi kiliachwa kielee.

Hesabu yenyewe ni fupi. Filamu ya dakika 10 isiyotakiwa kuzidi megabaiti 100 ina megabiti 800 za kugawa kwa sekunde 600, yaani megabiti 1.33 kwa sekunde. Sauti ikichukua kilobiti 96, picha hubaki na megabiti 1.2 hivi. Mahojiano ya ofisini yatakaa humo hata kwa 1080p. Ngoma ya watu 20 wanaocheza kwenye vumbi haitakaa. Dawa hapo ni kupunguza pikseli: 720p ina pikseli 921,600, chini ya nusu ya zile za 1080p, na 480p haifiki hata robo. Picha safi ya 720p huishinda ya 1080p iliyojaa vigae, na kwenye skrini ya simu ushindi huo hauna mjadala. Wahariri wengi hukataa kushusha idadi ya pikseli kwa sababu mteja ameomba “full HD”. Wanachompa mwishoni ni HD ya jina.

Baada ya usukani kuna suala la muda. x264 ina priseti 10, yaani vifurushi vya mipangilio vilivyokwisha kuandaliwa, kuanzia ultrafast hadi placebo. Priseti ya haraka huridhika na mfanano wa kwanza inaoukuta. Ya polepole hupekua fremu nyingi zaidi, hujaribu kuvigawa vipande kwa njia nyingi, na hupima kila uamuzi kwa biti na kwa hasara kabla ya kuukubali. Priseti medium huazima kutoka fremu 3 za nyuma, slow kutoka 5, veryslow kutoka 16. Upande wa pili, ultrafast huzima hata zana za msingi: hakuna fremu za B (zile zinazoweza kuazima pande zote mbili), hakuna kichujio cha kulainisha mipaka ya vipande, na hesabu ya mwisho ya kufunga biti huwa ile nyepesi badala ya CABAC, ambayo peke yake huokoa asilimia 10 hadi 15. Placebo ilipewa jina hilo kwa makusudi na watengenezaji wake: huchoma muda kwa faida ambayo hakuna anayeiona.

Kwa CRF, manufaa makubwa ya priseti ya polepole huonekana kwenye ukubwa wa faili. Lakini CRF 22 ya priseti moja si sawasawa na CRF 22 ya nyingine, kwani zana zikibadilika hata kipimo cha ubora hutetereka. Kwa hiyo utaratibu wenye akili ni kuchagua kwanza priseti ya polepole kuliko zote ambayo ratiba inaruhusu, kuiacha hapo, ndipo namba ya CRF itafutwe. Slow ni mahali pazuri pa kusimama kwa kazi nyingi. Veryslow inafaa faili litakalopakuliwa na maelfu ya watu wanaolipia bando, maana saa chache za kompyuta moja hurudi mara nyingi kwa njia ya megabaiti zisizopakuliwa. Kwa nakala ya kumwonyesha mteja leo jioni ili aseme jina la bibi harusi limekosewa, veryfast inatosha.

Enkoda za ndani ya chipu, kama NVENC ya kadi za Nvidia, Quick Sync ya Intel iliyoanza mwaka 2011, na zile zilizomo kwenye simu, ziko upande wa haraka kabisa. Chipu lazima imalize kila fremu kwa wakati wake, kwa hiyo haina nafasi ya kupekua, na upungufu huo hulipwa kwa biti. Kwa makadirio ya Apple, iPhone inayorekodi 1080p ya fremu 30 kwa H.264 hujaza megabaiti 130 kwa dakika, karibu megabiti 17 kwa sekunde. x264 iliyopewa muda inaweza kupunguza video hiyo mara tatu au nne bila mtazamaji kugutuka. Vizazi vipya vya chipu vimesogea karibu na priseti za katikati za x264, na kwa matangazo ya moja kwa moja hakuna sababu ya kuzikwepa. Kwa hifadhi, bado.

Ubora unaozungumzwa hapa ni wa jicho, na jicho lina upendeleo. Huona kasoro kwenye eneo laini, kama anga au shavu, upesi kuliko kwenye nyasi. x264 huhamisha biti kutoka sehemu zenye vurugu kwenda sehemu laini kwa zana inayorekebisha QP kipande kwa kipande, na zana hiyo huwa imewashwa tangu mwanzo. Vilevile jicho hupenda ukali hata usipokuwa wa kweli: nyasi zilizochorwa vibaya kidogo humridhisha mtu kuliko nyasi zilizolainishwa zikawa zulia. Ndiyo maana x264 ina kipimo kinachoadhibu ulainishaji, ingawa huifanya ipoteze alama katika vipimo vya hesabu tupu.

Chaguo la tune hurekebisha upendeleo huo kwa aina ya picha. Katuni huwa na maeneo mapana ya rangi moja na mistari mikali, hivyo tune animation huongeza fremu za B na za kuazima, hupunguza ukali wa bandia, na huongeza ulainishaji wa mipaka. Tune grain hufanya kinyume, ili chembechembe za filamu ya zamani zisifutwe. Faili huvimba sana, na huo ndio mpango. Tune film ni mabadiliko madogo kwa picha za kawaida zenye ubora mzuri. Nje ya hapo, kugusa vipimo vya ndani kimoja kimoja kwa kunakili mistari mirefu ya amri iliyoandikwa na mtu mwingine kwa video nyingine huharibu zaidi ya kunavyotengeneza. Priseti hizo zilipangwa na watu walioiandika enkoda yenyewe.

Giza linastahili neno la peke yake, kwa sababu ndiko mipangilio mingi hushindwa. Ukumbi wa sherehe usiku, taa za LED za buluu na zambarau, moshi wa jukwaani: kamera imeongeza wepesi wake wa kushika mwanga na picha imejaa chenga, huku ukuta wa nyuma ukipita polepole kutoka zambarau hadi weusi. Enkoda huziona chenga kama maelezo ghali, huzifuta, na ukuta uliobaki hukatika matabaka yenye mipaka kama ya ramani. Sehemu ya lawama ni ya biti 8 kwa kila rangi, zinazoruhusu ngazi 256 tu za mwangaza, na kwenye giza zinazotumika ni chache mno. Kubana kwa biti 10 hupunguza matabaka hata kama chanzo ni cha biti 8, kwa kuwa hesabu za ndani hukadiriwa kwa uangalifu zaidi. Tatizo ni kwamba H.264 ya biti 10 haichezeki kwenye chipu za simu na televisheni nyingi. HEVC ya biti 10 inachezeka kwa upana, na hiyo ni sababu nzuri kuliko nyingi ya kuihamia. Anayebaki na H.264 hushusha CRF kwa namba mbili au tatu kwa matukio ya giza, au huacha chenga kidogo zibaki makusudi, kwani hizo ndizo zinazoficha mipaka ya matabaka.

Rangi nazo zina kasoro isiyotibika kwa CRF. Katika utaratibu wa kawaida uitwao 4:2:0, mwangaza huhifadhiwa kwa kila pikseli lakini rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila pikseli nne. Kwa uso wa mtu au shamba hakuna anayegundua. Kwa kanga nyekundu yenye jina lililoandikwa kwa herufi nyeusi, picha ikiwa ya mbali, kingo za herufi huingiwa na ukungu ambao hata CRF 10 haiuondoi, maana rangi ilipunguzwa kabla enkoda haijaanza kazi. Anayeongeza biti ili kuusafisha ukungu huo anapoteza nafasi bure.

Mpangilio wa fremu huathiri ukubwa, lakini huathiri zaidi jinsi video inavyochezwa. Fremu ya I hujitegemea na ni nzito. Ya P huazima kutoka fremu zilizotangulia. Ya B huweza kuazima pande zote mbili na ndiyo nyepesi kuliko zote. x264 huruhusu fremu hadi 250 kati ya fremu mbili za I, na huweka nyingine yenyewe tukio linapobadilika. Kuzisogeza karibu huongeza ukubwa, ila humrahisishia mtazamaji kuruka mbele na nyuma. Kwa video za kutiririsha, zinazokatwa vipande vya sekunde chache ili simu ibadili ubora mtandao unapoyumba, sekunde 2 kati ya fremu za I ni kawaida, na gharama yake hukubaliwa.

Kifaa cha kuchezea kina kumbukumbu yenye kikomo, na kikomo hicho hutajwa kwa leveli. Leveli 4.1, inayokubaliwa na televisheni na simu nyingi, huruhusu fremu 4 tu za kuazima kwa 1080p. Priseti veryslow huitisha 16, na hapo ndipo faili zuri kwenye kompyuta hugoma au kukwamakwama likichomekwa kwenye televisheni ya sebuleni. Kutaja leveli wakati wa kubana huondoa tatizo, na kinachopotea kwa ukubwa ni kidogo, kwa sababu fremu ya tano na kuendelea huazimwa mara chache.

CRF peke yake ina hatari kwa anayetiririsha: tukio gumu laweza kupandisha kasi ya biti ghafla kupita uwezo wa mtandao, na video ikaganda. Kwa hiyo huwekewa dari na bafa. Dari ya megabiti 4 kwa sekunde na bafa ya megabiti 8 humaanisha kwamba enkoda yaweza kupita kiwango kwa muda mfupi, mradi hesabu ya sekunde 2 hivi isawazike. Penye wepesi CRF hutawala. Penye ugumu dari hutawala, na ubora hushuka kidogo mahali ambapo vinginevyo picha ingesimama.

Netflix ilifika hapohapo kwa njia ya mbali kidogo. Kwa miaka ilitumia ngazi moja ya ubora kwa filamu zote, kuanzia kilobiti 235 kwa sekunde kwa picha ndogo hadi 5800 kwa 1080p. Desemba 2015 ilieleza hadharani kwamba imeiacha: katuni nyepesi ilikuwa inapewa biti isizozihitaji, na filamu yenye chembechembe nyingi haikutosheka hata na 5800. Badala yake kila filamu ilianza kubanwa kwa viwango vingi vya majaribio na kupewa ngazi yake yenyewe. Studio ndogo isiyo na mitambo kama hiyo hupata sehemu kubwa ya faida hiyohiyo kwa CRF yenye dari.

Kodeki mpya hupunguza ukubwa zaidi ya kipimo chochote kilichotajwa. HEVC, ya mwaka 2013, hutumia vipande vinavyofika pikseli 64 kwa 64, na lengo lake lilikuwa nusu ya kasi ya biti ya H.264 kwa ubora ule ule. Kwa 4K huikaribia, kwa picha ndogo faida hupungua. VP9 ya Google ni ya mwaka huohuo. AV1, iliyotolewa mwaka 2018 na muungano ulioanzishwa mwaka 2015 na Google, Netflix, Amazon na wenzao, huenda mbele zaidi bila mrabaha, ambao ndio uliozorotesha HEVC kwa migogoro ya leseni. Bei yake ni muda wa kubana, na chipu: simu isiyo na dekoda ya AV1 ndani yake huicheza kwa nguvu ya prosesa, ikapata joto na kumaliza chaji. Namba za CRF hazihamishwi kutoka kodeki moja hadi nyingine. x265, enkoda ya HEVC, huanzia 28 mahali ambapo x264 huanzia 23, na enkoda za AV1 hutumia kipimo cha hadi 63.

Yote hayo hutanguliwa na hali ya chanzo, na hapa ndipo megabaiti nyingi huokolewa kwa jasho dogo. Kanda ya VHS ya Afrika Mashariki ilirekodiwa kwa PAL, nusu-fremu 50 kwa sekunde, mistari ya namba shufwa na witiri ikipishana. Ikibanwa bila kuunganishwa sawasawa, kila kitu kinachotembea hutoka na meno kama ya kitana, na meno hayo hula biti. Chini kabisa ya picha ya VHS kuna mistari michache iliyochanika ambayo televisheni za zamani ziliificha nyuma ya fremu ya kioo. Ikikatwa, hakuna kinachopotea, na ikiachwa, enkoda huibana kwa bidii katika kila fremu tangu mwanzo wa kanda hadi mwisho. Chenga za kanda hupunguzwa kwa kichujio chepesi kabla ya kubana. Kichujio kikizidi, nyuso huwa za nta, na hakuna CRF itakayozirudisha.

Kubana kilichokwisha kubanwa ni sawa na fotokopi ya fotokopi. Mzunguko wa pili hauzijui hitilafu za kwanza kuwa hitilafu. Huzihesabu kuwa sehemu ya picha na huzitunza kwa gharama. Hata hivyo mnyororo huo haukwepeki: YouTube hubana upya kila kinachopakiwa, na WhatsApp hufanya vivyo hivyo kwa video isiyotumwa kama hati. Ndiyo maana faili la kupakia YouTube halitakiwi kuwa dogo kadiri iwezekanavyo. Pendekezo la YouTube yenyewe kwa 1080p ya fremu hadi 30 ni megabiti 8 kwa sekunde, na CRF 16 hadi 18 huipa enkoda yao malighafi safi. Mbano mkali hutunzwa kwa nakala ya mwisho, ile itakayofika kwa mtazamaji bila kuguswa tena.

Sauti hupita haraka. AAC ya kilobiti 128 huchukua megabaiti 58 hivi kwa saa, kiasi cha kupuuzwa kando ya picha ya megabiti 4, lakini ni sehemu moja ya tano ya faili ambalo picha yake ni ya kilobiti 500. Hotuba ya sauti moja hutosheka na 64. Faili la MP4 la kutazamwa mtandaoni huhitaji pia faharasa yake ihamishiwe mwanzoni, kazi ya sekunde chache isiyogusa picha, la sivyo vichezeshi vingine husubiri faili zima lipakuliwe kwanza.

Kilichobaki ni kupima. PSNR hulinganisha pikseli kwa pikseli na huwapendelea walainishaji. SSIM, iliyochapishwa mwaka 2004, hutazama maumbo na hukaribia zaidi hukumu ya mtu. VMAF, ambayo Netflix iliifungua kwa umma mwaka 2016, huchanganya vipimo kadhaa kwa mfumo uliofunzwa kwa alama za watazamaji, ikatoa namba kati ya 0 na 100. Ina modeli ya televisheni na ya simu, na faili lilelile hupata alama za juu kwenye ya simu. Wastani wake hudanganya kirahisi: video ya dakika 40 yaweza kupata alama nzuri huku sekunde 15 za moshi na giza zikiwa hazitazamiki, na hizo ndizo mtazamaji atakazozilalamikia.

Jaribio la haraka hukata vipande vinne au vitano vya sekunde 20 kutoka sehemu mbaya kuliko zote za video yenyewe: giza, maji au umati, uso wa karibu, maandishi, na kamera inayozunguka. Hubanwa kwa priseti iliyochaguliwa kwa CRF 20, 23 na 26, na hutazamwa vikitembea, kwenye kifaa ambacho wengi watakitumia, kwa umbali wao. Fremu iliyosimamishwa na kukuzwa huonyesha hitilafu ambazo kwenye mwendo hazipo, na huficha nyingine, kama ukuta unaopumua kila fremu ya I inapofika, ambazo huonekana kwenye mwendo tu. Namba kubwa kuliko zote ambayo kipande kibaya zaidi bado kinavumilika ndiyo CRF ya video hiyo. Ikiwa kipande kimoja tu ndicho kinachoilazimisha video nzima kushuka namba tatu, x264 huruhusu fremu za kuanzia fulani hadi fulani zipewe QP yao, na sehemu nyingine zote zikabaki kwenye CRF 23.